Usiguse, Haijakauka

Jumatano, 1 Mei

Tangu Jumamosi mimi ni mke wa mtu, na bado nikipita mbele ya kioo najichekea mwenyewe. Saimi Kortelahti. Nimeliandika jina hilo nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, kwenye mfuko wa unga, na sasa hapa. Daftari hili dada yangu alinipa harusini. "Andika sasa," aliniambia, "kabla hujazoea." Dada hajui kitu. Leo asubuhi Tarmo alinimenyea yai. Nani humzoea mwanamume anayemmenyea yai?

Fungate yetu itakuwa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, wiki ile usiku unaposahau kuingia. Tumeshapata kibanda ufukweni Kalajoki, chenye kitanda kimoja na dirisha linalotazama bahari. Hatukwenda mara tu baada ya harusi kwa sababu ya Datsun. Ni gari la manjano la marehemu baba mkwe. Yeye na mkewe, Mama Raili, walikwenda nalo fungate hukohuko Kalajoki, mwaka wa sabini na sita, na Tarmo ameapa kunipeleka kwa gari hilohilo. Injini ameitengeneza, viti amevishona upya. Kimebaki kitu kidogo tu, anasema: vile vipande vya plastiki vya ndani, vya dashibodi na vya milango, ambavyo vimepauka kama majivu. Anataka vipate rangi nyeusi, ving'ae mpaka nijione uso.

"Kazi ya wikiendi moja," amesema.

Mwanamume anayetaka nijione uso kila ninapogeuza kichwa! Nimelala nikitabasamu.

Jumamosi, 4 Mei

Amekaa kwenye ngazi za mlangoni na beseni la maji, anapiga msasa. Nilimtazama saa nzima. Ana mikono mizuri mno, na ulimi hutokeza kidogo pembeni akizama kwenye kazi.

Jirani yetu Veikko alichungulia juu ya ua, amevaa kofia yake ya kiwanda cha mbao. "Bwana harusi! Mwezi wa kwanza wa ndoa na wewe unasugua plastiki?"

"Ndiyo," alisema Tarmo bila kuinua kichwa.

"Enzi zetu mwezi wa kwanza hatukuonekana nje kabisa."

Nilikimbilia ndani uso ukiwaka.

Jioni Mama Raili alikuja na taulo lake begani, kama afanyavyo kila Jumamosi. Nyumba hii ilikuwa yake. Alituachia akahamia chumba na sebule kule mjini karibu na kanisa, lakini sauna, kile kijumba cha kuogea mvuke pale uani, hakuiacha, maana ilijengwa na mumewe kwa mikono yake na yeye akimshikia mbao. Alioga, akatoka, akavaa baiskeli yake miguuni, kama ninavyosema mimi, maana akiwa juu yake huoni wapi mtu anaishia na wapi baiskeli inaanzia. "Mvuke mzuri," alisema. Hayo ndiyo maneno yote niliyopata kwake wiki nzima. Nadhani hanipendi.

Jumapili, 5 Mei

Theluji ya maji nje, kwa hiyo alipulizia jikoni. Rangi ya msingi kwanza, halafu nyeusi, halafu vanishi. Meza yote imefunikwa magazeti, nyumba inanuka thina hadi ndani ya mito ya kulalia. Lakini alipomaliza, jamani! Vipande vilimeta kama macho ya farasi. Niliinama nijione.

"Usiguse, haijakauka!"

"Sijagusa."

"Unapumua juu yake."

Baada ya saa moja tukaona manyoya. Meupe, madogo, yamezama ndani ya vanishi kila mahali. Yalitoka kwenye sweta yangu, ile ya sufu laini niliyovaa siku ya pili ya harusi, ambayo yeye mwenyewe alisema ananipenda nayo. Amelala akiwa ameniangalia kama vile nimemmwagia mchanga kwenye supu.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya Mama. Nilioka keki, nikaweka bendera nje kama ilivyo desturi, Mama Raili akaja amevaa pini yake ya kifuani. Tatizo: meza imejaa vipande. Tarmo alipulizia upya jana bila kuniambia. Tulikunywa kahawa tumesimama, sahani mkononi, kama watu wanaosubiri treni. Mama Raili alitaka kuweka kikombe chake mahali.

"Mama, usiguse, haijakauka!"

"Haya," alisema Mama Raili. Akashikilia kikombe hadi mwisho.

Safari hii hakuna manyoya. Kuna vinundu. Uso mzima umekuwa kama ganda la chungwa. Nilimwambia hata machungwa yanapendeza. Hakucheka.

Jumanne, 14 Mei

Msasa.

Alhamisi, 16 Mei

Msasa. Nimeota sauti yake.

Jumamosi, 18 Mei

Amehamia banda la kuni. Hakuna manyoya, hakuna mvuke wa jikoni, hakuna mimi. Nilimpelekea mkate na samaki wa moshi. Nikaambiwa niuache mlangoni. Niliuacha. Nilirudi jikoni nikala wangu peke yangu, nikitazama kiti chake, na nikajiambia kwamba huku nako ni kumpenda.

Kabla ya jua kushuka nikasikia yowe. Mbu. Mmoja tu, wa kwanza wa mwaka, ametua katikati ya kipande cha kuzungushia redio, akazama hapo na miguu yake yote sita. Tarmo alimtoa kwa kibano changu cha nyusi. Mguu mmoja umebaki.

"Hautaonekana," nilimwambia.

"Mimi nitauona."

Mama Raili alioga, akaenda. "Mvuke mzuri."

Jumatatu, 27 Mei

Ni lazima niandike kwa utulivu.

Leo ilikuwa siku ya kupendeza kuliko zote. Joto, hakuna upepo hata wa kutikisa pazia. Tarmo alichukua likizo ya nusu siku kutoka kwenye kazi yake ya umeme, akapanga vipande kwenye ubao uani, akapulizia tabaka tatu, na kila tabaka lilitulia kama maji ya ziwa asubuhi. Akaniita. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane tulisimama pamoja tumeshikana viuno tukitazama kitu kilichokamilika. Alinibusu shingoni. Alinuka thina na sikujali.

Tukaingia ndani kunywa kahawa. Kahawa moja tu.

Tulipotoka, misonobari ilikuwa imefungua chavua. Sijui nani aliitikisa. Wingu zima la manjano lilishuka kutoka msituni, likapita juu ya banda, juu ya nguo zangu kwenye kamba, juu ya nywele za Tarmo, na likalala juu ya vanishi mbichi kama sukari ya unga juu ya keki.

Veikko alikuwepo uani, bila shaka. Hukosi kumwona siku ya msiba.

"Usihuzunike, kijana," alisema. "Sasa angalau vinafanana rangi na gari."

Tarmo alikaa chini kwenye nyasi. Nilikaa naye. Nilitaka kusema jambo zuri, la mapenzi, na nikatafuta, na yote yaliyokuja yalikuwa: tuliahidiwa wikiendi moja.

Jumamosi, 1 Juni

Amepata suluhisho, na ndiyo kwanza nimeanza kuogopa suluhisho zake.

Sauna. Haina vumbi, haina upepo, haina mbu. Ukimwagia kuta maji hata chembe iliyofichwa inashuka. Na ina joto la upole linalobaki kila inapowashwa. Amefunga waya kwenye dari, juu ya benchi la juu, na vipande vinaning'inia hapo kama samaki wanaokaushwa. Nakubali, ni wazo la akili. Lakini leo ni Jumamosi.

"Mama anakuja," nilimwambia.

"Nitamwambia jiko la sauna limeharibika."

"Mwambie ukweli."

"Nimwambie nini? Kwamba sauna aliyoijenga Baba nimeigeuza karakana ya rangi?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

Mama Raili alifika na taulo begani na matawi mabichi yenye majani mikononi, aliyoyafunga mwenyewe ya kujipigia mgongo ndani ya mvuke, ya kwanza ya mwaka huu. Tarmo alisimama mlangoni, masikio mekundu, akasema jiko lina hitilafu. Mama Raili aliangalia bomba la moshi. Akaniangalia mimi.

"Haya," alisema. Akageuza baiskeli.

Nilisimama dirishani nikamwona anasukuma baiskeli hadi barabarani bila kuipanda. Anadhani ni mimi. Anadhani bibi harusi amemfungia mlango. Na mimi nimewekwa hapo kama sanamu nisiseme, kwa sababu ya plastiki!

Jumatano, 5 Juni

Tumepatana. Aliniletea maua ya mtaroni, yale ya zambarau, yakiwa na mizizi. Mimi nauza maua dukani siku nzima na sijawahi kupewa mazuri kama hayo. Nimeyaweka kwenye jagi. Alinifanyia mchezo wa kunichorea njia ya Kalajoki kwa kidole, polepole, mkononi mwangu, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Kidole chenyewe kimekuwa cheusi na hakitoki kwa sabuni.

Jumamosi, 8 Juni

Mama Raili alikuja. Jiko "bado". "Haya." Akaenda.

Mimi na Tarmo tunaogea bafuni, zamuzamu, kama wapangaji. Jumamosi ya pili bila sauna. Veikko amemuuliza Tarmo kama ndoa ina shida.

Ijumaa, 14 Juni

Vimekamilika!! Naandika hili nikiwa nimekaa kwenye ngazi za sauna. Aliniruhusu kuingia, miguu mitupu, nywele zimefungwa kitambaa, nisipumue sana. Vyote vinang'aa. Hakuna unyoya, hakuna mguu wa mbu, hakuna chavua. Nilijiona uso wangu kwenye kifuniko cha kile kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, kiti changu, na nyuma yangu niliuona uso wake, na alikuwa ananitazama mimi na siyo kifuniko. Nilitaka kulia.

"Vikae hadi Jumatatu vikomae," alinong'ona, kama vile kuna mtoto amelala. "Jumanne navifunga. Alhamisi tunaondoka."

Namsamehe yote. Hata msasa.

Jumapili, 16 Juni

Jana sikuweza kuandika. Naanza mwanzo.

Mchana, tukijua Mama Raili huja jioni, tulikwenda Jyväskylä kwa gari langu kununua vibanio vipya vya kushikia vipande, maana vya zamani vilikatika. Tulipita dukani tukanunua soseji za Juhannus na shuka ya kibanda, yenye mistari ya buluu. Tuliimba garini. Kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumbani Tarmo alinyamaza katikati ya wimbo.

Juu ya misonobari kulikuwa na moshi. Mwembamba, mweupe, wa kuni kavu, unaopanda kutoka kwenye bomba la sauna.

Hakuzima hata injini. Tulipofika uani mlango wa sauna ulifunguka na Mama Raili akatoka, amejifunga taulo, mwekundu kama beri, mvuke ukimtoka mabegani. Sijawahi kumwona na furaha kiasi hicho.

"Mmechelewa," alisema. "Ila mawe bado yana moto. Mvuke mzuri sana leo. Na jiko nimelikagua, halina ubovu wowote."

Tarmo alimpita akaingia na viatu. Kisha nikasikia sauti ambayo sikujua kama mume wangu anayo.

Niliingia. Vanishi ilikuwa imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Fremu ya saa za dashibodi ilikuwa imejipinda kama kamba ya kiatu. Kipande cha redio kilianguka kikagandamana na benchi. Na kila mahali majani, majani ya yale matawi, yamenata.

"Mama!" Tarmo alitoka akiwa amelowa jasho. "Hukuviona?"

"Niliviona."

"Uliviona, na ukawasha?"

"Nilidhani ni mapambo."

"Mapambo!"

"Ya Saimi." Mama Raili alivuta taulo vizuri. "Bibi harusi anakuja na vitu vyake. Nilisema, Raili, vinatisha, lakini nyamaza, hii si sauna yako tena. Hata ile harufu. Nilidhani ni sabuni za siku hizi."

Mungu anisamehe, nilicheka. Mwanamke huyu, ambaye nimemwogopa wiki zote hizi, alikuwa amekaa kwenye joto la digrii themanini chini ya vipuri vya gari vinavyomdondokea, akivumilia, kwa sababu hakutaka kuniudhi! Nilicheka hadi nikashika mlango, na machozi yakaja, na sikujua tena ni machozi gani.

Tarmo hakucheka. "Nilikwambia jiko limeharibika," alimwambia mama yake.

"Ndiyo. Na si kweli."

Mama Raili alinigeukia, akatuangalia wote wawili, akaelewa kwa nini alikuwa amedanganywa, na furaha yote ikamtoka usoni. Akavaa nguo zake. Hakusema hata "Haya".

Naye Tarmo, akiwa amenipa mgongo: "Hatuendi."

"Hatuendi wapi?"

"Kalajoki. Nitawapigia simu. Tutakwenda mwakani, gari likiwa tayari."

Hakuna mapenzi katika ukurasa huu. Samahani, dada.

Jumatatu, 17 Juni

Amekaa ndani ya Datsun. Dashibodi haina uso, nyaya zinaning'inia. Amekaa tu. Simu hajapiga bado, lakini ameiweka magotini.

Jumanne, 18 Juni

"Twende kwa gari langu," nilimwambia.

"Si hivyo nilivyokuahidi."

"Uliniahidi Kalajoki."

"Nilikuahidi hili. Kama Baba alivyolitunza. Hujui lilivyokuwa, Saimi. Ulikuwa ukilifungua mlango unaona..."

"Uso wako. Najua. Mimi sijaona uso wako tangu Mei, nimeona kisogo. Ungemwoa msasa."

Nimelala chumba cha wageni, kwenye shuka mpya yenye mistari ya buluu. Inakwaruza.

Jumatano, 19 Juni

Mama Raili alikuja, na si Jumamosi. Kwenye kikapu cha baiskeli alileta mkate mtamu wa iliki, bado una joto. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye Datsun, akafungua mlango wa abiria, akaketi pembeni ya mwanawe. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi na niliona vizuri kwamba alitaka nisikie.

"Umeshapiga simu Kalajoki?"

"Nawapigia leo jioni."

"Nikuambie kuhusu fungate yangu."

Tarmo alimwangalia kama vile usukani ndio uliosema.

"Mkate niliuoka hivihivi," alisema Mama Raili. "Tulipofika Kannus njaa ikaniuma. Nikaufungua. Baba yako akasimamisha gari. Akasema, Raili, makombo. Nikashuka nikala pembeni mwa barabara. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikula nimesimama, kwa viatu vya harusi, yeye ananiangalia kutoka ndani, kwenye kiti kikavu. Aliniangalia kwa mapenzi, sikatai. Alikuwa mtu mwema. Lakini alipofika kule jambo la kwanza alifuta dashibodi. Miaka arobaini na kitu, gari hili limepapaswa kuliko mimi."

"Mama!"

"Kuliko mimi, Tarmo. Na sikusema. Nilisema 'Haya'." Alishuka, akasawazisha sketi yake, akapanda ngazi hadi nilipo, akaniwekea mkate mikononi. Macho yake ni ya Tarmo kabisa. Sikuwahi kuyatazama kwa muda wa kutosha kujua. "Ule ndani ya gari, mwanangu. Makombo usifute."

"Mama," nilisema, "yale mapambo hayakuwa yangu."

"Nashukuru sana," alisema Mama Raili. "Maana nilikuwa na wasiwasi na wajukuu."

Akapanda baiskeli.

Tarmo alikaa ndani kwa muda mrefu. Kisha akaenda sauna, akatoka na kile kifuniko cha kisanduku. Kilikuwa kimening'inia chini kuliko vingine, karibu na mlango, na hakikupinda. Vanishi yake ilikuwa imeyeyuka ikatandaa yenyewe kwa lile joto, laini kuliko alivyowahi kuipata kwa mkono. Katikati yake kuna jani moja, limezama kabisa chini ya mng'ao, na mishipa yake yote unaihesabu.

Aliketi kwenye ngazi zilezile. Akavuta beseni. Akakunja kipande cha msasa, akakichovya majini.

Nilikuwa jikoni dirishani. Sikupumua. Nilijiambia: akiligusa jani lile, nakwenda kwa dada.

Aliugeuza msasa mkononi. Aligeuza kifuniko kwenye mwanga, huku na huku. Ulimi ukatokeza pembeni. Kisha akasimama, akamwaga maji ya beseni chini ya mti wa beri, akatundika msasa kwenye ua wa Veikko, na kuingia ndani ya Datsun na bisibisi.

Simu hakupiga.

Alhamisi, 20 Juni

Naandika nikiwa kwenye kiti cha abiria, tumepita Kannus, mvua imeanza. Dashibodi ni mashimo, na nyaya amezifunga kwa utepe wa karatasi ule wa kupakia rangi. Saa ya mwendo imening'inia na inatikisika kila tunapopiga kona. Kitu kimoja tu kimefungwa mahali pake, mbele ya magoti yangu: kifuniko cheusi chenye jani.

Tulipotoka, Veikko alisimama barabarani akapiga saluti. "Limeisha?" aliuliza.

"Limeisha," alisema Tarmo.

Nimekula mkate. Nimeumega kwa makusudi, vipande vikubwa, iliki na chembe za sukari zimemwagika mapajani, kwenye kiti, kwenye reli ya mlango. Niliona taya lake likikaza. Alishika usukani kwa mikono miwili hadi vifundo vikawa vyeupe. Baada ya kilomita nyingi akafumbua mdomo, bila kuondoa macho barabarani, nikamlisha.

Ninauona uso wangu kwenye kifuniko, na jani limeniangukia shavuni. Nilinyoosha kidole, kisha nikakirudisha haraka, kwa mazoea.

Tarmo alitoa mkono mmoja kwenye usukani. Alishika kidole changu, chenye sukari na siagi, akakipeleka mbele mpaka kikagusa ule weusi, baridi, laini kama kioo.

"Gusa," alisema.